Kura ya Namalwa

Namalwa alitoroka kupitia dirisha la jikoni, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki ndani. Nyumba ile ya mtaa wa Mountain View ilikuwa imemmeza tangu jana, vijana wawili walipomchukua hotelini kwa adabu ya kutisha.

"Madam, tulia tu," walimwambia huku wakimnyang'anya simu. "Hakuna mtu atakugusa."

Barabarani alirukia bodaboda. "Mtaa wa Jamhuri, haraka!"

Saa tisa, mjini, kamati kuu ya chama ingepiga kura: maseneta wake waunge mkono kupunguzwa kwa fedha za kaunti, au wapinge? Pande mbili zilikuwa sare, na kura ya Namalwa ndiyo ingeamua. Kiongozi wa chama alitaka zipunguzwe, na aliyempinga alikiona cha mtema kuni.

Zikipungua, wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati kule kwao ndiyo ingefungwa kwanza. Humo alilazwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake Ivyne, na bado hakuweza kupumua bila mashine.

Wa kumkimbilia alibaki Gavana Isaiah peke yake, mkazi wa Jamhuri, aliyempinga kiongozi hadharani. Chama kilimwahidi nafasi ya mgombea mwenza ili anyamaze, naye akamsimulia Namalwa huku akicheka: "Wanadhani mimi ni wa kununuliwa?"

Gavana alimfungulia mlango mwenyewe, koti la mkutano mwilini.

"Mheshimiwa, walinifungia!" Machozi yalimtoka.

"Pole, dada yangu. Kumbe ndiyo maana! Kamati ilipata meseji yako eti unaumwa."

"Sikuandika chochote. Simu yangu wanayo wao."

"Watu wabaya hawa." Akafunga mlango kwa ufunguo. "Wasije wakakufuata. Keti kwanza, dereva anakuja, tutaenda pamoja."

Namalwa akashusha pumzi. Aliketi, akapangusa vumbi mguuni, akatazama saa ya ukutani. Wangewahi. Alimwomba Mungu amtunze mtoto.

Ndipo simu ikaita. Ulikuwa wimbo wa kwaya, sauti ya Ivyne mwenyewe akiimba, mlio ambao Namalwa alikuwa amemwekea bintiye peke yake.

Ulitoka mfukoni mwa koti la gavana.