Farasi, Malkia, Kisha Ngome

Waliokuwepo katika ukumbi wa kijiji cha Drossfeld siku ile ni hawa: Bwana Lüddecke, mkuu wa kijiji, nyuma ya vipande vyeupe vya sataranji; Eggert Behrens, bwana harusi, nyuma ya vyeusi; mzee Behrens, baba yake, mwenye mashamba ya kando ya mto; Brandes mwenye kinu, baba wa bibi harusi; shangazi Ilsabe; wanakijiji wote waliopata pa kusimama; na Mechthild, ambaye ndiye aliyekuwa akishindaniwa.

Desturi ilikuwa wazi. Katika Drossfeld mtoto huijua sataranji kabla hajajua kufunga viatu, na mwanamume haozwi mpaka amshinde mkuu wa kijiji. Akishinda, kengele ya kanisa hupigwa papo hapo. Akishindwa, hurudi mwakani baada ya mavuno, na msichana hubaki amefungwa na posa ile ile. Mechthild alikuwa ameipitia desturi hiyo kichwani kama mtu apapasaye kuta za chumba chenye giza. Hakuona mlango.

Si kwamba alimchukia Eggert, hakumjua. Wazee wawili walipeana mikono kinuni, naye akaitwa baadaye, alete bia. Wiki iliyopita alikuwa akilia mbele ya shangazi yake kwenye tanuri la kijiji, akisema hakuna hata mmoja aliyemuuliza, alipogeuka na kumwona Eggert amesimama mlangoni. Kijana yule aliinamisha kichwa, akaenda zake bila neno. Kiburi, Mechthild alisema moyoni.

Na sasa Eggert hakumtazama hata mara moja. Alikuwa amemkaba mkuu wa kijiji tangu mwanzo, akitumia kila alichonacho. Mfalme wake mwenyewe alikuwa amejibanza pembeni mwa ubao, na askari wake waliobaki wamekabiliana pua kwa pua na askari weupe, asiwepo wa kusonga.

"Mzee, huko unakokimbilia hakuna kutoka!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Nyamaza, Kord," alisema Lüddecke bila kugeuka. "Wewe nilikuhurumia, na bado ulilowa jasho mpaka soksi."

Watu wakacheka. Eggert hakucheka. Alimnyanyua farasi wake, akamrusha hadi pale alipomtisha mfalme mweupe.

"Mfalme!" alitangaza.

Mfalme mweupe hakuwa na pa kukimbilia. Ilibidi ngome nyeupe imle farasi, naye Lüddecke akamla nayo.

"Amemtoa bure!"

"Bure gani? Huoni anamvuta mzee aje machinjioni?"

Mzee Behrens alivimba kifua. "Huyo ndiye mwanangu! Brandes, mwambie mpiga kengele ashike kamba kabisa."

Mechthild aliufumba mkono wake ndani ya mkono wa shangazi.

"Bibi yangu mimi mumewe alipata sare," Ilsabe alimnong'oneza, kama mtu anayemtuliza mtoto kwa hadithi. "Ikabidi aulizwe bibi harusi mwenyewe. Ndivyo sheria inavyosema."

"Akajibu nini?"

"Si ndiyo maana mimi nipo? Alikubali."

"Huyu hatafuti sare, shangazi. Mwangalie. Huyu anataka damu."

Eggert alikuwa ameshika malkia. Alimsukuma hadi mbele ya mfalme mweupe, peke yake, bila mlinzi. "Mfalme!"

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Lüddecke aliinama juu ya ubao kwa muda mrefu, kisha akamtazama kijana kwa macho mapya.

"Eggert, una hakika?"

"Lazima umle, mzee. Huna hatua nyingine."

"Najua sina. Ndiyo maana nakuuliza."

"Nina hakika."

Malkia mweusi akaondolewa ubaoni. Hapo hapo ngome ikateremka, ya mwisho aliyokuwa nayo. "Mfalme!" Mechthild alifumba macho. Kila zawadi iliyotupwa ilikuwa imekaza kamba shingoni mwake, na sasa lilibaki pigo moja tu. Alisikia mti ukigonga mti: Lüddecke ameila ngome. Akasubiri neno la mwisho.

Halikuja.

Alipofumbua macho, Eggert alikuwa ameweka mikono yake miwili mapajani.

"Cheza basi!" alifoka mzee Behrens. "Mmalize!"

"Siwezi, baba. Sina hatua."

Watu walisukumana kuuona ubao, na kwa mara ya kwanza walimtazama mfalme mweusi kule pembeni. Hakuna aliyemshambulia. Lakini kila mraba uliomzunguka ulikuwa mikononi mwa vyeupe. Askari wake walikuwa wamekwama, na vingine vyote vilivyoweza kusogea alikuwa amevitoa, kimoja baada ya kingine, kwa mkono wake mwenyewe.

"Sare," alisema Lüddecke. "Asiye na hatua, na mfalme wake hashambuliwi, hajashinda wala hajashindwa."

"Mpumbavu we!" Baba mtu alikuwa amewiva uso. "Ulikuwa umeshashinda! Kabla ya yule farasi ulikuwa umeshashinda! Hata mtoto angeona!"

"Niliona, baba."

Lüddecke alisimama, akavua kofia. Hakumgeukia bwana harusi, wala wazee wawili waliopeana mikono.

"Sheria ya sare mnaijua nyote. Mechthild, mwanangu, kijiji kinakuuliza."

Ndipo Eggert alipoinua macho.

Mechthild aliuachia mkono wa shangazi yake, akasimama.

"Leo siolewi," alisema, na sauti yake ikafika hadi mlangoni. "Lakini Eggert akitaka kuja kuniuliza mwenyewe, kesho nipo nyumbani."