Vitanzi vya Upande wa Chini

Binti aligeuza mfarishi wa viraka ambao marehemu mama yake aliuacha nusu, akakuta vitanzi vya uzi vimejaa upande wa chini wa mshono wake kama kope.

"Kaza bobini, uzi wa chini umelegea," shangazi akasema. "Ukishindwa, nampelekea fundi amalizie."

"Vitanzi viko chini, shangazi, ila kosa liko juu. Nilitunga uzi bila kuinua mguu wa cherehani, huu unaokandamiza kitambaa."

Aliuinua, akafumua mshono wenye vitanzi, akatunga uzi upya mpaka ukazama kati ya visahani viwili vinavyoubana. Akaushusha mguu, akakanyaga pedali, mikono ikizungusha kitambaa taratibu, ua la uzi likifuata ua.

Shangazi akavaa miwani, akageuza, akapitisha kidole. Akapitisha tena.

"Sioni wifi yangu aliishia wapi na wewe umeanzia wapi."

Binti alipajua. Alinyoosha mgongo, akaendelea kushona.