Ukuta Ujibuo Salamu

Siku hizi ukisema "habari" ndani ya nyumba, ukuta ndio unaojibu, tena kwa habari zenyewe.

Bi Mwanakheri alipomwona mumewe Shekue anarudi kutoka kwa daktari, alijisahau. "Habari za huko, baba Zaina?"

Ukuta ukadakia. Mbuzi amechaguliwa mwenyekiti wa kundi la mtandaoni. Roboti ya manispaa imegoma kufagia. Wataalamu wamefundisha kambare kuhesabu. "Na kichekesho cha leo: mzee wa mtaa huu, aliyebakiza miezi michache, amemsihi daktari mkewe asijue."

"Mzee gani huyo?"

"Aa, wazee tuko wengi, mama."

Bi Mwanakheri akammiminia chai. Safari hii alichagua neno. "Hujambo, lakini?"

"Sijambo."

Ukuta ukacheka.