Chura wa Bosi

Mzee Msasa alikuwa amepiga magoti mbele ya kisanduku cha kioo, anamwomba radhi chura.

"Nisamehe, bwana mkubwa. Ningejuaje kwamba maranda ya msaji hayakufai? Watu wanakuja kuyaomba!"

Chura, kijani kibichi, saizi ya kidole gumba, akafumba jicho moja.

Alikuwa wa bosi. Ndivyo alivyosema binti wa mzee, ambaye ni nesi, alipomleta asubuhi ile: daktari mkuu kasafiri siku kumi, kamwachia yeye chura wake wa mitini, naye ana zamu mfululizo. "Baba, huyu akifa, kazi sina." Akaacha karatasi ya masharti na kutoka mbio kabla mzee hajasema "lakini".

Na mzee, fundi seremala kwa miaka arobaini, akamtandikia mgeni kwanza, kwa fahari zote, ndipo akasoma. Lo! Sharti la kwanza lilikuwa tandiko. Kokoto hapana, atazimeza pamoja na mdudu. Udongo wa bustani hapana, una mbolea. Maranda na unga wa mbao ndiyo kabisa usithubutu: chura anapumua kwa ngozi, na vumbi la mbao humuua polepole. Asilazwe penye vumbi. Asilale peke yake.

"Penye vumbi!" mzee alifoka. "Mtoto huyu kanisahau?"

Maana yeye alikula karakanani, akalala karakanani, nyuma ya mbao, na barakoa alizoletewa na bintiye mwaka jana alikuwa anahifadhia misumari. Kila alfajiri alikohoa mpaka jirani yake Gundi, mshona viatu, akaamka. Gundi hakuwahi kununua saa.

Basi akayatoa maranda, moja moja, kwa kibanio cha nyusi. Karatasi ilishauri makumbi ya nazi, safi, yasiyo na dawa. Mzee akapiga kofi. Godoro lake si la makumbi? Akachukua kisu, akalipasua tumbo.

Pakafuka wingu. Mzee alikohoa hadi akashika ukuta. Gundi akaja mbio na kiatu mkononi.

"Unalalia hilo?"

"Chura hawezi kulilalia hili, ndugu yangu. Atakufa kabla ya chakula cha mchana."

"Nimeuliza wewe."

"Mimi nina bosi?" mzee akajibu, na godoro likaenda jalalani.

Kuanzia hapo mambo yakawa vituko. Alikwenda kwa muuza nazi akarudi na gunia la makumbi kichwani, akayatwanga, akayafua maji matatu, akayachambua uzi kwa uzi, akayaanika huku anawafukuza kuku kwa wimbo. Akayalowesha kidogo, akayatandaza unene wa vidole viwili. Chura akaruka juu yake, akajikunyata, akatulia. Mzee akacheza peke yake mpaka kofia ikadondoka.

"Mzee mzima!" Gundi alicheka.

"Nyamaza, utamwamsha."

Lakini vumbi je? Karakana nzima ilikuwa vumbi. Mzee akamwaga misumari, akavaa barakoa, asije akampulizia mgeni uchafu, akafagia vumbi lililokuwapo tangu binti yake hajaota meno. Meza ya kurandia akaihamishia uani, kwenye upepo. Kisanduku akakipeleka chumba cha mbele, chenye madirisha mawili, chumba alichokuwa akisusa kulala tangu mkewe afariki. Na kwa kuwa mgeni hakutakiwa kulala peke yake, naye akahamia humo, juu ya godoro jipya.

Jioni chura aliimba. Kwenye mpera wa uani vyura wengine wakamjibu, sauti ileile, zamu kwa zamu.

"Wanapiga soga kama ndugu," alisema Gundi.

"Acha dharau. Huyu katoka kwa daktari."

Kila siku binti alipiga simu. "Amelalaje, baba?"

"Kama mfalme."

"Na wewe?"

"Mimi wa nini? Mwambie bosi wako mtu wake anakula panzi wawili!"

Siku ya sita Gundi alifungua kibanda saa nne, macho yamevimba kwa usingizi, mteja kashakasirika. "Sijui nina nini," alinung'unika. "Siku hizi napitiliza."

"Uzee huo," alisema mzee, akainua ubao wa msaji peke yake na kuuweka mezani huku anapiga mluzi.

Siku ya kumi alivaa shati la pasi. Itakuwaje bosi akiona kasoro? Alikagua tandiko mara nne. Binti alipoingia, mzee akafunua kifuniko kwa mikono miwili.

"Mkague! Mguu huo, jicho hilo! Kazi yako salama, mwanangu. Kanuse tandiko, kama lina hata chembe ya vumbi nikate ndevu!"

Binti hakutazama kisanduku. Alimzunguka baba yake, akabandika sikio mgongoni mwake, juu ya lile shati la pasi.

"Vuta pumzi, baba. Tena. Tena." Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Na chura?" mzee aliuliza, kachanganyikiwa. "Bosi anamtaka lini?"

Binti akabeba kisanduku mpaka uani, akakifungua chini ya mpera, palepale alipomkamata.