Raba Isipasuke

"Ukipaka mafuta utaiua," Nakiru alimwambia Arek, akausukuma mkono wake. "Mafuta hula raba."

Arek, mama wa Sudan Kusini aliyeuza chai kando yake hapo sokoni Kakuma, alilifunika kopo lake la mafuta ya mgando. "Nilitaka tu kukusaidia, dada."

Nakiru aliendelea kuvisafisha viatu. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Kukausha kivulini, kamwe si juani. Halafu glisirini aliyoagiza Lodwar, tone kwa tone, mpaka raba nyeusi ilainike. Ndani, pale vidole vilipochimba vishimo, hakupagusa.

"Ikikauka hujikunja, umbo la mguu linapotea," alisema. "Nikipoteza umbo hilo, sina kitu tena."

Vilikuwa viatu vya raba vya kizamani, aina isiyouzwa tena. Watu waliviita viatu vya Lomenen. Miaka sita ilikuwa imepita tangu mwanawe huyo auawe na wezi wa mbuzi upande wa Nadapal. Muuaji hakujulikana. Polisi walichoka, ukoo ukachoka. Lakini mtu akimwona mama yuko kimya, asidhani amesahau. Kila Jumamosi Nakiru alivitoa viatu mbele ya watu wote.

"Ejok, mama viatu," alisalimu kwa Kiturkana Emanikor, mchinjaji, akipita na wenzake. Hakungoja jibu. "Mbona huvichomi? Unatuletea kifo sokoni."

"Vimekukosea nini?"

"Vinanuka maiti. Siku moja nitavitupa chooni mimi mwenyewe."

"Tupa," alisema Nakiru. "Lakini vaa kwanza."

Emanikor alicheka, ila alirudi nyuma hatua moja. "Viatu vya marehemu sivai."

"Mwanamume mzima anaogopa raba," alisema Arek, akimimina chai. Wateja wakacheka. "Anachinja ngamia, kiatu kinamtoa jasho."

"Wewe mkimbizi, nyamaza."

"Nimenyamaza. Vaa basi."

Sasa wote walikuwa wanamtazama. Emanikor alitema mate, akavua ndara moja, akausukuma mguu ndani ya kiatu cha kulia. Uliingia bila kubishana. Kisigino kikakaa. Kidole chake cha mwisho, kilichopinda juu ya mwenzake, kikapata mahali pake.

"Haya, mmeridhika? Huyu mwendawazimu sasa atulie."

"Kama kiliumbwa kwa ajili yako," mteja mmoja alisema, na kicheko kikazidi.

Nakiru hakucheka. Alikishika kifundo cha mguu wa Emanikor kwa mikono miwili, akakikaza.

"Lomenen nilimzika na viatu vyake miguuni," alisema. "Hivi nilivikuta kando ya maiti, na nyayo za mtu peku zikikimbia."