Mlima wa Kunijibu

Kijijini kwetu hakuna koo linaloweza kushindana na langu.

Kila likizo ya kiangazi tunaita kutoka uwanjani, na yule ambaye mlima wa ng'ambo unamrudishia mwangwi mara nyingi zaidi ndiye bingwa. Washindani wa mwaka huu walinitia huruma. Kinyozi alilia kama mlango usiopakwa mafuta. Mlima ukamjibu mara moja, nadhani kwa adabu tu. Fundi cherehani akapata mara mbili, akashangiliwa kama kajifungua mapacha.

"Nikishindwa na hawa," nikatangaza, "nitaosha masufuria yote ya sherehe!"

"Tumesikia!" wakaitikia wapishi.

Binamu yangu alikuwa kajificha ng'ambo, nyuma ya jiwe, kwa tahadhari tu. Tulipatana kwamba akisikia filimbi ya mwamuzi atulie kidogo, nimalize kuita "Nani kama mimi?", kisha ajibu mara tatu. Filimbi inafika kule. Sauti yangu, tusidanganyane, haifiki.

Filimbi ikalia. Lakini bingwa hakurupuki. Nikawainamia mashabiki, nikakunja mikono ya shati, nikasukutua maji na kuyatema upande wa kinyozi. Nikavuta pumzi hadi kifungo kikakatika.

"Kama miiimi!" ukaita mlima. "Kama miiimi! Kama miiimi!"

Mdomo wangu ulikuwa wazi, haujatoa kitu. Mke wangu, aliyekaa mstari wa mbele, akanivuta suruali.

"Mume wangu," akasema, wala hakunong'ona, "mlima umeshajibu. Haya, uliza basi."