Lipu Juu ya Udongo

Wenye nyumba za udongo, msije mkafanya kama sisi.

Nyumba yetu ya Kisarawe mbele ni mawe na matao ya Kijerumani, nyuma ni miti na udongo alioongeza babu. Kila mwaka kabla ya masika tulikandika upya. Safari hii mume wangu akapiga lipu ya saruji, nyuma ilingane na mbele.

"Sasa imekuwa nyumba," alijisifu.

Siku ya tatu ya mvua nikagusa lipu kwa nje, ikabonyea. Maji yamepenya yakakosa pa kutokea, udongo ndani umekuwa uji.

"Firdausi mwanangu, toka humo!"

"Mama nawe! Mkeka umebaki kidogo tu nimalize kuusuka."

Ufa ukapanda pale udongo unapokutana na mawe. Nikaacha kuita, nikaingia.